Fosforasi Haitembei Mbali

Mtu akidondosha tone la wino katika bilauri ya maji yaliyotulia, ataliona likienea lenyewe bila ya kukorogwa, kwa kuwa chembe zisizoonekana, katika harakati zao za daima, hutoka penye wingi zikaelekea penye uhaba; na kanuni ya mwendo huo Mjerumani Adolf Fick aliitangaza mwaka 1855. Kwa kanuni iyo hiyo mzizi wa muhindi hapa Bukura hupata fosforasi: hunyonya iliyo karibu, uhaba ukazuka pale, na ya jirani ikasogea. Lakini udongo wetu wenye tindikali, chuma na alumini huishika barabara, hata msimu mzima isivuke ila milimita chache.

Kwa sababu hiyo siiafiki kabisa desturi ya kutawanya mbolea ya DAP, yenye fosforasi hiyo, juu ya shamba, mithili ya mtu awatupiaye kuku mtama; ni mali ghali inayopotea shubiri moja tu kutoka kinywani mwa mmea. Itiwe shimoni, ifunikwe udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate, visigusane. Nawasihi wakufunzi wa Chuo cha Kilimo Bukura wawaonyeshe wakulima jambo hili kabla ya mvua za masika.