Faili ya configure: ifute, ijengwe upya

Jana kwenye matatu, kutoka Westlands hadi mjini, nilibishana na rafiki yangu kuhusu pakiti ya Debian tunayoitengeneza. Yeye husema: mwandishi wa programu ametuwekea faili ya configure tayari, ya nini kuizalisha upya?

Mimi nakataa. Configure huandikwa na mashine kutoka configure.ac, maelfu ya mistari. Nani huisoma? Hapo ndipo mwizi hujificha.

Kumbukeni xz. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Faili iliyouwasha, build-to-host.m4, haikuwa kwenye Git na hila hiyo. Ilikuwa ndani ya furushi la kupakua tu. Na pakiti zilikuwa zimeshaingia Debian sid!

Kwa hiyo autoreconf peke yake haitoshi, maana husoma m4 hizo hizo. Chukua msimbo kwenye Git. Ukilazimika kutumia furushi, orodhesha ndani ya debian/clean kila faili iliyozalishwa, pamoja na m4 za kunakiliwa, kisha jenga upya.

Rafiki yangu alishuka Kencom bado anabisha. Wewe je, wasemaje?