TUWAKUMBUKE WAZEE: Isaac Fadoyebo, askari aliyefichwa na watu asiowajua

Mwezi huu ukurasa wetu unamkumbuka mzee mmoja wa Nigeria, Isaac Fadoyebo, aliyefariki Novemba 2012. Wengine mtauliza, Mnigeria anatuhusu nini sisi? Ngojeni kidogo.

Alizaliwa mwaka 1925 kijijini Emure-Ile, karibu na mji wa Owo. Alipofika miaka 16 akajiandikisha kwenye jeshi la Mwingereza bila kuwauliza wazazi. Vijana ndivyo walivyo! Akawekwa upande wa matibabu, kisha akasafirishwa mpaka Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, kwenye vita na Wajapani. Ni huko huko walikopelekwa Keya wetu wa Tanganyika, Kenya na Uganda, wale wazee waliokuwa wakisema "nilikuwa Bama".

Machi 1944 kikosi chao kikavamiwa kando ya mto Kaladan. Isaac akavunjwa mfupa wa paja kwa risasi na kuumizwa tumboni. Waliokuwa naye wengi walikufa, wengine pale pale, wengine baada ya siku chache. Mwishowe wakabaki majeruhi wawili tu porini, yeye na David Kargbo wa Sierra Leone. Kutembea hawawezi, chakula hakuna, na adui yuko jirani.

Basi wanakijiji wakaanza kuwaletea chakula kwa siri. Mmoja wao, mkulima Mwislamu jina lake Shuyiman, akaona haitoshi, akawachukua akawaingiza nyumbani kwake. Jamani, tufikiri vizuri hapo. Huyu mtu ana mke, ana watoto, na chakula chenyewe ni cha vita. Wageni wenyewe ni Waafrika, rangi yao haifichiki, na lugha hawasikilizani. Mjapani akigundua, nyumba nzima imekwisha. Isaac alikuwa Mkristo, lakini kwa Shuyiman hilo halikuwa neno. Walikaa mikononi mwa watu hao mpaka Desemba 1944, askari wa Kigurkha wa jeshi la Uingereza walipofika. Tangu Machi, ni miezi tisa.

Mimi binafsi namfikiria sana mke wa Shuyiman. Sifa huenda kwa baba mwenye nyumba, lakini sufuria ni ya nani? Kina mama mnaopokea ndugu waliofika usiku na mgao ni ule ule wa watu watano, nyinyi mnajua.

Isaac alirudi Nigeria akiwa na mguu mbovu, na kilema hicho kilikaa naye maisha yote. Hakukaa kulalamika. Alipata kazi ya serikali, wizara ya kazi, akaifanya miaka mingi mpaka kustaafu. Akaoa, akalea watoto. Aliandika pia habari zake za vita, zikatolewa kitabu mwaka 1999. Ninavyoona mimi, kazi ile ya kila asubuhi na mguu unauma nayo ni ushujaa, ingawa haipewi medali.

Lakini deni moja lilimkaa moyoni: hakuwahi kuwashukuru waliomficha. Mwaka 2011 mwandishi wa habari Barnaby Phillips alikwenda Burma na barua ya mzee Isaac, akaitafuta ile familia, akaipata. Shuyiman alikuwa ameshafariki. Barua ikasomwa mbele ya watoto wake, nao habari za wale Waafrika wawili walikuwa wanazijua.

Sasa ndiyo nawajibu wale waliouliza. Waislamu wa sehemu zile ndio Warohingya. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 kati yao walikimbilia Bangladesh, wanaishi kambini, chini ya maturubai kama haya ya kwetu.

Mwezi ujao tungependa kuandika juu ya wazee wa hapa. Kama babu yako alikuwa Keya au askari wa Force Publique, muulize bibi au shangazi anachokumbuka, kiandike hata kwenye karatasi ya daftari, ukilete kabla ya mwisho wa mwezi.