Rangi Juu ya Kutu

Nianze na ugomvi, maana ndio ulionishikisha kalamu. Jumapili iliyopita baba mdogo alifika nyumbani kwetu Magomeni akiwa na jamaa mmoja mwenye mkahawa mjini, mtu wa heshima zake, viatu vinameta. Walikuja kuiona Vespa ya marehemu babu. Yule jamaa akaizunguka mara mbili, akaigonga ubavuni kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akatoa hukumu: "Hii safi sana. Tunajaza puti, tunapiga rangi moja ya kijani laini, injini tunaitoa maana itatuchafulia sakafu, halafu tunaisimamisha pale dirishani. Wateja watapiga picha mpaka basi."

Injini tunaitoa! Nilikuwa nimechuchumaa pembeni na spana mkononi, kucha nyeusi tii, na miezi saba ya jasho langu ilikuwa ndani ya hiyo injini anayotaka kuitupa. Nikamwambia kwa adabu zote, shikamoo yangu ikiwa bado haijapoa, kwamba hiki chombo hakiuzwi. Baba mdogo akanivuta uani, akanong'ona: "Mwanangu, kazi huna, hujaoa, na hiyo riwaya yako hatujaiona. Leo unamkatalia mtu hela kwa ajili ya kutu?"

Siku ile nilibabaika, sikumjibu. Namjibu leo hapa, mbele yenu nyote, na najua wengine wenu mko upande wake.

Ugonjwa wenyewe mimi nauita uzilipendwa. Sisemi nyimbo, nyimbo nazipenda. Nasema ile tabia ya kukipenda kitu cha zamani baada ya kuhakikisha kimekufa. Cherehani ya bibi ikishagoma kushona, ndipo inapopelekwa sebuleni na kuwekewa maua ya plastiki. Redio ya mbao ikishanyamaza, ndipo wageni wanapoitwa waione. Ilipokuwa inasema nani alikuwa na habari nayo? Walikuwa wanaipigapiga makofi ili ishike steshini. Na Vespa ya babu ilikaa chini ya mwembe miaka kumi na kitu, watu wanaanikia nguo juu yake. Nilipofungua kile kisanduku cha ubavu wa kushoto nilikuta maganda ya mayai, kuku alishaifanya wodi ya wazazi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mizani yake mara mbili, na mara zote mbili aliyemfukuza ni bibi, si hao wapiga picha.

Sasa nieleze ilivyokuwa, ili msidhani nalilia kitu kizima. Ni Sprint 150 ya miaka ya 1960. Pistoni ilikuwa imenata ndani ya silinda, ukikanyaga kiki mguu unagota kama umekanyaga jiwe. Kebo za klachi na gia zilikuwa zimekatika, tangi limejaa unga mwekundu, matairi yamepasuka. Hayo yote ni madogo. Kubwa lilikuwa sakafu, pale pa kuwekea miguu. Nilipoinua mpira uliotandikwa juu yake, ngumi yangu ilipita hadi ikagusa mchanga.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, jina lake nalihifadhi. Akatazama lile tundu, akacheka. "Dogo, hiyo kazi ya siku moja. Tunaweka nyavu, tunabandika faiba, puti juu, msasa, rangi. Hata aliyeitengeneza hataijua."

Ndugu zangu, hapa ndipo mpasuke masikio. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, bodi ni nguo tu. Vespa haina fremu. Bodi yake ya shiti ya chuma iliyokandamizwa ndiyo fremu yenyewe. Ngao ya mbele inayobeba usukani na gurudumu, na kiuno cha nyuma kinachobeba injini na abiria, vinashikana kwa sakafu hiyo na tuta lake la katikati, basi. Hata pedeli ya breki ya nyuma imefungwa hapo hapo sakafuni. Ukijaza puti hapo hujaziba tundu, umemficha mtu mahali atakapovunjikia. Siku atakayofunga breki kwa nguvu mbele ya daladala, amempakia mkewe nyuma, ndipo puti itakaposema kweli.

Mchoro huo haukuja kwa bahati. Kiwanda cha Piaggio pale Pontedera, Italia, kilikuwa cha ndege, na kililipuliwa kwa mabomu wakati wa vita kuu ya pili. Vita vilipokwisha, watu walikuwa hawana usafiri na kiwanda hakina kazi. Mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, akamwita Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekuwa hazipendi pikipiki hata kidogo: zinachafua nguo, mnyororo unarusha oili, pancha ni adhabu. Basi akatengeneza chombo cha mtu asiyependa pikipiki. Injini akaifunika ubavuni, mnyororo akautupilia mbali, gia akazipeleka mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili tairi livuliwe upesi. Mwaka 1946 ikatoka, na inasimuliwa kwamba Piaggio alipoiona kiuno chembamba na sauti yake ya kuvuma akasema inafanana na nyigu. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. (Miaka miwili baadaye wakatoa ya magurudumu matatu wakaiita Ape, yaani nyuki. Bajaji zetu zinazotupigia honi leo ni ukoo huo huo, ingawa jina tumezipa la Wahindi.)

Ndiyo maana babu, karani wa bandari, aliweza kwenda msikitini Ijumaa na kanzu nyeupe pe, akarudi nayo nyeupe pe. Chombo kilifikiriwa kwa ajili ya mtu anayekwenda mahali. Leo uniambie kisimamishwe dirishani, kiwe kama samaki wa bandia kwenye duka la samaki?

Nikamwaga fundi wa faiba, nikaenda Gerezani. Huko nilimpata mzee mmoja asiyesema sana. Aliichungulia sakafu kwa chini, akaichokoa kwa bisibisi mpaka chuma kizima kilipoanzia, akachora kwa chaki. "Hadi hapa pote ni uongo," akasema. "Kata." Nikakata mwenyewe kwa msumeno, kila nikifikiri nimemaliza anasogeza chaki mbele. Kabla ya kukata alinifanya nichomelee nondo ya muda kati ya ngao na kiuno, maana ukiitoa sakafu bila kuifunga bodi inajipinda, na baada ya hapo magurudumu hayatazamani tena hadi kiama. Shiti mpya tuliipima, tukaikunja, tukaichomelea kwa gesi kidogo kidogo, huku tunaacha ipoe. Wiki tatu. Na ukiitazama leo huoni kitu, sakafu tu, nyekundu ya pramia. Hakuna atakayeipiga picha.

Injini nayo ina somo lake. Ni ya mipigo miwili: petroli inachanganywa na oili, lita 1 kwa mililita 20, na mchanganyiko huo kabla ya kufika juu ya pistoni unapita kwanza chumba cha chini cha krankshafti. Chumba hicho kinazibwa kila upande na sili ya mpira. Zinauzwa bei ya sahani chache za chipsi. Zikikaa miaka bila kazi zinakakamaa. Ya upande wa flaiwili ikichoka, injini inavuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, pistoni inanata ukiwa mwendo kasi na gurudumu la nyuma linafunga. Ya upande wa klachi ikichoka, inanyonya oili ya gia na unatoka moshi kama wa kufukiza mbu. Ili uzifikie lazima ushushe injini yote na kuipasua katikati. Ndiyo maana wajanja hawazigusi. Wanasafisha kabureta, wanabadili plagi, ikiwaka wanakukabidhi na kuhesabu hela. Wiki ya pili unasukuma.

Sisi tuliipasua. Pistoni iliyonata tuliimwagia dizeli na oili kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku sita, tukaigonga kwa ubao. Silinda ilitanuliwa, tukatia pistoni kubwa zaidi kidogo. Tangi nililijaza siki na kokoto, nikalitikisa jioni baada ya jioni mpaka majirani wakauliza kama nimejiunga na bendi.

Hapa niwageukie nyinyi wenzangu wa kalamu, maana nanyi mna kesi. Kijiweni kwetu wamenicheka: mwandishi mzima ananuka petroli. Haya. Mwezi uliopita mmoja wetu alitusomea hadithi yake. Shujaa yuko safarini usiku na mchumba wake, ukurasa wa tatu tunaambiwa ghafla gari likaharibika. Likaharibika nini? Feni belti? Pampu ya petroli? Maji yalichemka? Mwandishi hajui, shujaa hajui, na sisi tukapiga makofi. Lakini ikiwa ni feni belti, bibie angeweza kuokoa safari kwa soksi yake ya nailoni, na hadithi ingekuwa yake. Ikiwa ni pampu, walale hapo, na hadithi ni nyingine kabisa. Yule hakuandika gari, aliandika puti. Riwaya yangu mimi mwenyewe, zile kaunta buku nne, ilikuwa na baharia asiyejua fundo hata moja. Nimeikata sura ya pili yote kwa sababu ya yule mzee na chaki yake. Imeuma, nisiseme uongo.

Kuna na kundi jingine lisiloguswa, wale wa kila kitu asili. Wanakuja na simu, wananionyesha picha: skrubu hii si ya Italia, taa hii ni ya India. Kweli ni ya India! Kampuni ya Bajaj ilikuwa ikiunda Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960, na Chetak waliyoitoa mwaka 1972 ilitokana na Sprint hii hii. Kebo zake zinaingia, lasti zake za breki zinaingia. Yaani pikipiki ya Mtaliano imefufuliwa uswahilini kwa vipuri vya Pune, na mtu anaona aibu? Mngesubiri skrubu ya Pontedera, kuku angekuwa ameshaangua mara ishirini.

Lililonibana kweli ni moshi. Dada yangu anayesoma uuguzi ndiye aliyenisema, na alinisema vizuri. Injini ya mipigo miwili inatoa sehemu ya petroli mbichi kwenye ekzosti kabla haijaungua, pamoja na oili. Ni kweli, na mji wetu umeshavuta moshi wa kutosha. Sitamani barabara zijae Vespa za zamani. Ninachodai ni hiki kimoja, chenye sili nzima na oili iliyopimwa kwa bomba la sindano alilonipa dada huyo huyo, kiende Ijumaa msikitini na kurudi. Kama hilo ni kosa basi niandikiwe. Lakini dawa ya moshi haiwezi kuwa rangi ya kijani laini.

Na rangi, kwa kuwa wengi mnauliza: sijapaka. Pale rangi ya babu ilipobaki nimeiacha, imefifia kama shati la shule. Mpini wa klachi umelika kwa kiganja chake, nikiushika vidole vyangu vinaingia kwenye mashimo ya vidole vyake. Penye kutu nimesugua kwa brashi ya waya na kupiga pramia. Ina mabaka kama ng'ombe. Bibi alipoiona alicheka, halafu akaniambia nisogee, akakaa kwenye siti ya nyuma, upande upande, kama alivyokuwa akikaa. Ilikuwa haijawashwa hata.

Iliwaka Alhamisi hii, kiki ya tisa.

Baba mdogo amepiga simu: Jumamosi anarudi na yule jamaa wa mkahawa, safari hii na bei iliyopanda. Nimemwambia karibuni sana, mje saa tatu asubuhi, mshukie Magomeni Mapipa, nitakuja kumchukua mgeni mwenyewe. Ila helmeti ninayo moja tu, aje na yake.