Kipimo cha urithi wa jicho kisiwe cha matajiri peke yao

Sisi tuliorudi Rwanda kutoka uhamishoni tulirudi na mali kidogo, lugha nyingi na koo zilizotawanyika. Mimi nilikulia Karagwe, mama mdogo alibaki Ankole, na baba mkubwa mpaka leo yuko Masisi. Ukituuliza ni nani katika ukoo alipoteza jicho akiwa mtoto, wengi wetu hatuna jibu. Lakini swali hilo ni miongoni mwa yale ya kwanza ambayo daktari humuuliza mzazi wa mtoto mwenye saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma.

Saratani hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi huugua kabla ya kutimiza miaka 5. Dalili yake kubwa ni mboni kung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, na wakati mwingine makengeza. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona. Kwetu wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa: utafiti wa nchi 153 uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika nchi maskini ugonjwa hugunduliwa mtoto akiwa na miezi 30 hivi, wakati katika nchi tajiri ni miezi 14.

Kwa watoto wapatao 40 kati ya 100 wanaougua, kasoro ya kinasaba kiitwacho RB1 iko mwilini mwote, si katika jicho tu. Mtu mwenye kasoro hiyo, kila mtoto anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kipimo cha damu kinaweza kuitambua, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Bila kipimo, ndugu wadogo wa mgonjwa hulazimika kupimwa macho tena na tena, mara nyingi wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa. Mama anayeuza vitenge mpakani hufunga kibanda, hulipa nauli, hulala hospitali, kisha baada ya wiki chache huanza upya. Wengi hukata tamaa. Kipimo kikionyesha kwamba mtoto hakurithi kasoro ya ukoo, safari zinakwisha. Kikionyesha kwamba ameirithi, daktari humfuatilia tangu akiwa mchanga, na uvimbe ukikamatwa ungali mdogo jicho linaweza kuokolewa.

Gharama kubwa iko kwa mgonjwa wa kwanza, maana kinasaba hicho chenye vipande 27 husomwa chote. Kasoro ikishapatikana, kwa ndugu zake hutazamwa mahali pale pale tu, na bei hushuka sana. Kuna watakaosema dawa zenyewe hazitoshi, kipimo cha nini? Nawajibu kwamba kila mtoto asiyehitaji kulazwa usingizi anaacha nafasi, dawa na saa ya daktari kwa yule anayehitaji.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. Kwanza, kipimo hiki kiwekwe wazi katika orodha ya huduma zinazolipiwa na mituweli, kwa familia nzima ya mtoto mgonjwa. Pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na maabara moja ya pamoja. Nchi zetu zilikwisha kugawana kazi, Kenya ikachukua figo, Tanzania moyo na Uganda saratani. Tena huko Uganda, hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, ina uzoefu wa miaka mingi wa kutibu watoto hawa. Wafanyabiashara wanaijua njia hiyo, na wanakumbuka jinsi Gatuna ilivyofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022. Chupa yenye damu kijiko kimoja cha chai ni rahisi kuivusha kuliko mama na watoto watatu. Serikali zikubaliane kwamba sampuli za wagonjwa zitapita hata siasa zinapochafuka.

Hata hivyo, majibu yawe siri ya familia. Yasitumiwe kumfukuza mke wala kumnyima binti mume. Wengi wa watoto wenye kasoro hii ni wa kwanza kabisa katika ukoo wao. Ilijitokeza yenyewe, bila bibi wa kulaumiwa wala mchawi wa kusakwa.

Waheshimiwa wabunge wa Arusha huzungumza sana juu ya ushuru wa mizigo yetu. Tunawashukuru. Sasa wazungumze pia juu ya macho ya watoto wetu. Nawe mzazi, ukiona weupe katika mboni ya mwanao, usingoje siku ya soko ipite. Mpeleke hospitali leo.