Ramani ya Ngumbo Ikaguliwe kwa Miguu

Picha za angani zimekuwa nguzo ya mipango ya ardhi nchini. Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa ndege zisizo na rubani mwaka 2016. Bara nako ramani za misitu na mashamba hutokana na picha za setilaiti. Hatuna ugomvi na vyombo hivyo. Ugomvi wetu ni na ramani isiyokaguliwa ardhini, ambayo hufikishwa mezani kwa viongozi kana kwamba ni shahidi mwadilifu.

Tuichukue Ngumbo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Mihogo hukaa udongoni mwaka mzima na zaidi, nayo ikitazamwa kutoka juu hufanana na kichaka. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ikadhaniwa kuwa ni uwanda mtupu. Shamba lililopumzishwa huandikwa pori. Hili la mwisho si kosa dogo: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inahesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa kuwa miongoni mwa ardhi ya jumla. Rangi moja iliyopakwa vibaya ofisini yaweza kumgeuza mkulima kuwa mvamizi wa shamba la babu yake.

Wapo watakaojibu kuwa ramani yao ni sahihi kwa asilimia 85, kiwango walichokipendekeza wataalamu wa Marekani mwaka 1976. Sawa, lakini 85 ya nini? Chukua vituo 100 vya ukaguzi. Iwapo 60 vimeangukia majini, vyote vitakuwa sahihi, maana hata mtoto hakosei ziwa. Kati ya 40 vya nchi kavu, vikiwa sahihi 25 tu, jumla ni 85! Ilhali huko nchi kavu, wanakoishi watu, usahihi haufiki asilimia 63. Wasomaji wetu wa visiwani, ambao bahari imewazunguka pande zote, hawana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Basi vituo vichaguliwe kwa kura, si vile tu vilivyo kando ya barabara ambako gari la Serikali hufika bila taabu. Mkaguzi aende pasipo kujua ramani imesema nini. Wazee waulizwe shamba lilipumzishwa lini. Na kiasi cha makosa ya kila aina ya ardhi kichapishwe peke yake pembeni mwa ramani, kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaombwa kuupitisha mpango wa matumizi ya ardhi.