Jumba la Nyota Halilipi kwa Kiingilio Pekee

Anayeshawishiwa kuweka fedha katika jumba la kuonyeshea nyota aitazame kwanza London. Jumba lililofunguliwa huko mwaka 1958, ubavuni mwa Madame Tussauds, liliendeshwa kibiashara. Mwaka 2006 maonyesho ya nyota yalikoma, na kuba lake likapewa burudani nyingine. Mwaka 2007 Greenwich ilifungua jumba jipya, safari hii chini ya makumbusho ya umma.

Funzo ni wazi. Mitambo ni ghali, na mtalii aliyekwisha kuona nyota harudi upesi. Elimu ya namna hii yafaa igharimiwe na umma. Mwenye mtaji mdogo asinunue kuba. Auze chakula, vitabu na usafiri wa wanafunzi mlangoni pake.