Serikali si Dola, Dola si Taifa: Tuache Kukaririshana

Mwanza kwema. Mawe yapo pale pale, sato bei juu, na sisi tunasubiri bumu kama kawa. Leo sina udaku wa hosteli. Leo nina hasira, tena hasira ya kitaaluma.

Wiki hii tulikuwa na semina. Swali lilikuwa: eleza tofauti kati ya dola, taifa na serikali. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja, na wote wakataja zile sifa nne bila kukosea nukta: watu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Safi kabisa, Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 huo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, tiki kwa kila mtu. Halafu dada mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa mkopo wangu wa chuo nadaiwa na nani kati ya hao watatu?" Kimya. Mwalimu akasema hilo halitoki kwenye mtihani, tuendelee.

Jamani! Nasema hivi: somo lisiloweza kujibu swali lile halijafundishwa, limekaririshwa tu. Na kwa kuwa mwalimu kapita juu juu, ngoja mie nijibu.

Anayekudai ni dola. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilitungwa mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi Julai 2005, enzi za Mkapa. Aliyekopa mwaka ule ameona Mkapa akiondoka, Kikwete akija na kuondoka, Magufuli akija na kufariki, Samia akiapishwa. Deni halikufa na yeyote kati yao, manake halikuwa la mtu wala la awamu. Sasa serikali inaingia wapi? Kwenye masharti. Mwaka 2016 serikali ilipeleka muswada bungeni, makato yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Mwaka 2021 serikali nyingine ikafuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Dola ile ile, deni lile lile, serikali mbili, masharti tofauti. Na fedha yenyewe inatoka wapi? Kwa mama muuza dagaa wa Kirumba anayelipa kodi kila akinunua sabuni. Somo limeisha hapo, na hakuna aliyekariri kitu.

Lakini angalia tunavyoongea. Bumu likiingia utasikia, "Rais katupa hela." Katupa? Umekopeshwa, ndugu yangu! Utakatwa mpaka ujute. Unamshukuruje mtu mmoja kwa deni ambalo wewe mwenyewe utalilipa kwa dola, kutokana na kodi za watu wote?

Najua wapo watakaosema kosa ni la Kiswahili, eti maneno yetu hayatoshi. Nakataa. Maneno yapo, tumeyachafua wenyewe. Ukimwambia mtu wa kawaida "dola" anafikiria mambo mawili: fedha ya Marekani, au polisi. Tunasema "vyombo vya dola" tukimaanisha rungu na pingu, kana kwamba mahakama, Hazina na ofisi ya kuandikisha vizazi si vyombo vya dola. Vyama navyo vinasema vinataka "kushika dola", wakati kinachoshikwa kwa kura ni serikali. Dola haishikwi na chama, inakabidhiwa kwa muda kama funguo za nyumba ya kupanga. Katiba yetu yenyewe inatumia maneno "Mamlaka ya Nchi", na Ibara ya 4 inagawa mamlaka hayo mafungu matatu: utendaji, utoaji haki na kutunga sheria. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ukisoma ibara hizo mbili kwa utulivu umeshapata nusu ya semina nzima.

Kuna anayedhani haya ni maneno matupu ya wasomi? Mwulize aliyefuatilia kesi ya uhaini ya Zanzibar. Wanachama 18 wa CUF walishtakiwa kwa uhaini, kwamba walipanga kuiangusha Serikali ya Mapinduzi. Adhabu ya uhaini ni kifo, wadau. Wakasota rumande zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar ina serikali, ina rais, ina baraza la kutunga sheria, lakini kwa maana hiyo ya kisheria si dola. Yaani tofauti ile ile ambayo mwalimu wetu alisema tuiandike kwa mistari minne tupate alama, kule ilikuwa imekaa kwenye shingo za watu.

Na haikuishia pale. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Visiwani pakachafuka. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa na kuandikwa kwamba Zanzibar ni moja ya nchi mbili zinazounda Muungano. Nani yuko sahihi? Inategemea "nchi" unamaanisha nini: dola, taifa, au ardhi na watu wake. Watu wazima waligombana hadharani kwa neno ambalo shuleni tulilipitia siku moja na kufunga daftari.

Turudi huku kwetu ziwani. Mnaikumbuka ile meli kubwa iliyojengwa hapa Mwanza? Jina lake lilikuwa MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Hebu lisome tena taratibu. "Hapa Kazi Tu" ilikuwa kaulimbiu ya kampeni ya mgombea mmoja wa chama kimoja mwaka 2015. Meli ni mali ya umma, itabeba waliompigia kura na wasiompigia. Mwaka 2023 iliposhushwa majini, mwenye kaulimbiu alikuwa ameshafariki. Baadaye ikajulikana kama MV New Mwanza, na mie nikasema afadhali. Jina la kampeni halifai kwa chombo cha miaka 40.

Mfano wa pili unauma zaidi. Desemba 2018 machinga walianza kupewa vitambulisho kwa sh. 20,000. Mtaani vikaitwa vitambulisho vya Magufuli, na pale Makoroboi mtu alikivaa shingoni akajiona amelindwa na dola. Kumbe alikuwa amelindwa na tamko. Mwaka 2021 serikali ikabadilika, na mwaka huo huo machinga wakaamriwa kupisha barabara na kwenda maeneo yaliyopangwa. Sisemi kuwapanga ni vibaya, hilo ni mjadala mwingine. Nasema yule muuza soksi alistahili kujua mapema kwamba ahadi ya kiongozi na haki iliyoandikwa kwenye sheria ni vitu viwili. Nani wa kumfundisha? Sisi tunaosoma kwa kodi yake!

Daraja la Kigongo–Busisi nalo. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na rais mmoja, likazinduliwa Juni 2025 na rais mwingine. Watu wakabishana ni la nani. Si la yeyote kati yao. Serikali mbili zilisimamia, dola ililipa, na taifa ndilo linavuka kwenda Sengerema bila kupanga foleni ya kivuko.

Ukitaka kuona dola inavyobadilika angalia ziwa hili hili. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana Ulaya kwamba mpaka upite nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukakata maji na ukakata watu. Waluo wakajikuta pande zote mbili, Wakuria vile vile. Mvuvi wa Mwanza alikuwa chini ya Mjerumani, kisha Mwingereza, kisha Tanganyika huru mwaka 1961, kisha Jamhuri ya Muungano mwaka 1964. Dola zimepita juu ya kichwa chake, yeye na nyavu zake wapo.

Na taifa? Taifa niliambiwa na wazee wa hapa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa pale Igoma. Nchi nzima ililia, hata watu wa Mtwara ambao hawajawahi kuliona ziwa. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu wa Mtwara kumlilia Mhaya asiyemjua. Hilo ndo taifa. Serikali ya Mkapa ilikuwa na miezi sita tu madarakani, lakini meli ilikuwa ya shirika la umma, kwa hiyo dola haikuweza kusema "sisi wageni". Tume ikaundwa. Kulia ni kazi ya taifa, kuwajibika ni kazi ya dola, na serikali iliyopo ndiyo inayosimama kujibu maswali.

Najua kuna hoja: ukiwafundisha vijana kutenganisha haya watakuwa wakorofi, watakosa uzalendo. Mie naona kinyume chake. Anayedhani serikali ndiyo taifa, siku akiudhiwa na waziri atalichukia taifa zima, ataondoka na asirudi. Anayejua tofauti atamkosoa waziri asubuhi na jioni atashangilia Taifa Stars, wala moyo hautamgongana. Na mkubwa anayemwita mkosoaji "adui wa nchi" anafaidika na ujinga wetu huu huu.

Pendekezo langu kwa walimu ni jepesi. Acheni sifa nne kwanza, anzeni na maswali matatu. Nani anaondoka akishindwa uchaguzi? Nani anabaki na deni, mpaka na mikataba? Nani analia pamoja msiba ukitokea? Halafu chukueni serikali ya wanafunzi hapo chuoni: ina rais, mawaziri, bunge, hata msafara. Ni dola? Haina ardhi, haikamati mtu, haitozi kodi. Darasa litacheka, na likicheka limeelewa. Montevideo ije baadaye.

Kwa yule dada wa nyuma: swali lako lilikuwa zuri kuliko majibu yote ya siku ile. Uliza tena semina ijayo, mie nitakuwa pembeni yako.

Naomba kuwasilisha.